Jinsi mji mdogo wa Green Bay ulivyoinusuru timu yake

GREEN BAY ni mji mdogo ulioko kaskazini mashariki mwa jimbo la Wisconsin, nchini Marekani, kando ya ghuba ya Ziwa Michigan. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2020, mji huo ulikuwa na wakazi 107,395, idadi ambayo ni ndogo kuliko ya wilaya yoyote ya Dar es Salaam.

Hata hivyo, mji huo una timu katika Ligi ya Taifa ya Futiboli ya Marekani, NFL, ambayo ni miongoni mwa ligi tajiri kuliko zote duniani. Timu hiyo, Green Bay Packers, hushindana na timu za New York, Chicago na Los Angeles, miji yenye mamilioni ya watu.

Packers imetwaa ubingwa mara 13, rekodi ambayo haijafikiwa na timu nyingine ya ligi hiyo. Hata hivyo, historia yake haikuwa ya ushindi mtupu. Mara kadhaa timu hiyo ilikaribia kufa kwa kukosa fedha, na iliwahi kupitisha zaidi ya miongo miwili ikifanya vibaya uwanjani bila kukimbiwa na watazamaji wake.

Swali ambalo viongozi wa michezo wamekuwa wakijiuliza ni namna timu ya mji mdogo, tena inayofungwa, inavyoweza kuuzika. Jibu la Green Bay ni kwamba timu hiyo haikuwauzia watu ushindi, bali iliwauzia sehemu ya timu yenyewe.

Kofia mikononi mwa watazamaji

Packers iliundwa Agosti 1919 katika ofisi za gazeti la mji huo, Green Bay Press-Gazette. Waasisi wake walikuwa Earl Lambeau, aliyejulikana zaidi kwa jina la Curly, na George Whitney Calhoun, aliyekuwa mwandishi wa habari za michezo wa gazeti hilo.

Wakati huo Lambeau alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kusindika nyama cha Indian Packing Company. Mwajiri wake alitoa dola 500 za kununulia sare na kuruhusu kiwanja cha kampuni kitumike kwa mazoezi. Kwa msaada huo, timu ikaitwa Packers, yaani wasindikaji.

Kampuni hiyo haikudumu, kwani ilinunuliwa na nyingine baada ya muda mfupi, lakini jina lilibaki. Huo ni miongoni mwa mifano ya mwanzo kabisa ya udhamini katika mchezo huo, na pia ni onyo la mapema kwamba mdhamini anaweza kuondoka wakati timu bado ipo.

Katika msimu wa kwanza mechi zilichezwa kwenye kiwanja cha Hagemeister Park, ambacho hakikuwa na uzio. Kwa kuwa hapakuwa na njia ya kutoza kiingilio mlangoni, kofia ilipitishwa kwa watazamaji na kila mmoja alitumbukiza alichojaliwa.

Timu ilijiunga na ligi ya kulipwa mwaka 1921. Mwaka uliofuata ligi hiyo ilianza kutumia jina la NFL. Gharama za safari na malipo ya wachezaji zilipanda, na mapato ya mlangoni yakawa yanategemea hali ya hewa.

Mvua ndiyo iliyokaribia kuizamisha timu. Mwaka 1922 viongozi walikata bima ya mvua kwa ajili ya mechi mojawapo. Mvua ilinyesha, watazamaji hawakutokea, na kampuni ya bima ikakataa kulipa kwa maelezo kwamba maji yaliyopimwa yalipungua kidogo mno kufikia kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba.

Baadaye msimu huo mvua ilinyesha tena siku ya mechi, na viongozi wakafikiria kuiahirisha. Andrew Turnbull, aliyekuwa akisimamia biashara ya gazeti la Press-Gazette, aliwashauri wacheze hata kama watapata hasara, huku akiahidi kuwakusanya wafanyabiashara wa mji ili waibebe timu.

Hisa za dola 5

Turnbull alitimiza ahadi yake. Mwaka 1923 timu iliandikishwa kuwa shirika lisilogawa faida, na hisa 1,000 zikauzwa kwa dola 5 kila moja. Kwa njia hiyo zilipatikana dola 5,000.

Lililo muhimu kwa mtazamo wa biashara ni sharti lililoambatana na hisa hizo. Kila aliyenunua alitakiwa kununua pia tiketi za msimu zisizopungua sita. Mwanahisa akawa ni mteja wa uhakika, na kwa kuwa mtu mmoja hawezi kukalia viti sita, alilazimika kuwatafuta ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake wa kwenda nao uwanjani. Kila mwanahisa aligeuka wakala wa mauzo asiyelipwa.

Aidha, waasisi waliweka kifungu kilichosema kwamba iwapo timu itauzwa, fedha zitakazobaki baada ya kulipa madeni hazitagawanywa kwa wanahisa. Zingepelekwa kwa chama cha maveterani wa vita cha mji huo ili kijenge kumbukumbu ya askari. Kifungu hicho kilirekebishwa mwaka 1997 na mnufaika akawa mfuko wa hisani wa klabu.

Maana yake ni kwamba hakuna mtu ambaye angetajirika kwa kuiuza timu au kuihamishia mji mwingine. Katika miaka hiyo timu za miji midogo zilikuwa zikihama au kufa moja baada ya nyingine. Decatur Staleys ilihamia Chicago mwaka 1921. Canton Bulldogs, bingwa wa 1922 na 1923, iliuzwa kwa mfanyabiashara wa Cleveland. Portsmouth Spartans ilihamia Detroit mwaka 1934. Green Bay ilibaki.

Ufilisi, moto na mechi ya kuchangisha

Ushindi haukuondoa dhiki. Packers ilitwaa ubingwa mara tatu mfululizo mwaka 1929, 1930 na 1931, lakini miaka michache baadaye ilikuwa chini ya msimamizi wa mufilisi aliyeteuliwa na mahakama.

Chanzo kilikuwa ajali. Shabiki mmoja alianguka kutoka jukwaani, akafungua kesi na kushinda, na kampuni ya bima ya klabu ikawa imefilisika. Deni likaiangukia timu katika kipindi ambacho mdororo wa uchumi ulikuwa umeibana Marekani yote.

Wafanyabiashara wa Green Bay walirudi tena kwa wananchi. Mauzo ya pili ya hisa, mwaka 1935, yaliingiza dola 15,000, na shirika likaundwa upya kwa jina la Green Bay Packers.

Dhoruba kubwa zaidi ilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Kati ya 1946 na 1949 ligi nyingine ya kulipwa iliibuka na kushindana na NFL kuwania wachezaji, hali iliyopandisha mishahara. Packers ilianza kuburuza mkia, na katika msimu wa 1949 ilishinda mechi 2 tu kati ya 12.

Novemba mwaka huo, siku ya sikukuu ya Shukrani, klabu iliandaa mechi ya wachezaji wake wenyewe waliogawanywa pande mbili, huku nyota wa zamani wakijitokeza mbele ya mashabiki. Mechi hiyo ya kuchangisha iliingiza takriban dola 50,000, zilizoiwezesha klabu kumaliza msimu.

Januari 1950 jengo la klabu lililokuwa kambi ya wachezaji, Rockwood Lodge, liliteketea kwa moto. Fedha za bima ziliongeza pumzi. Siku chache baadaye Lambeau, aliyekuwa ameiongoza timu kwa miaka 30, alijiuzulu na kwenda kufundisha Chicago.

Mwaka huohuo hisa ziliuzwa kwa mara ya tatu, safari hii kwa dola 25 kila moja, na zikapatikana karibu dola 118,000. Sheria mpya ilimzuia mtu yeyote kumiliki zaidi ya hisa 200, ili tajiri mmoja asije akaiteka klabu.

Historia ya klabu inasimulia kuhusu mwanamke kutoka shamba moja karibu na kijiji cha Wrightstown aliyefika ofisini akiwa na dola 25 za sarafu ndani ya kisanduku cha kiberiti. Wanunuzi wa namna hiyo ndio waliojaza kibaba, haba kwa haba.

Uwanja wapigiwa kura

Katikati ya miaka ya 1950 tatizo lilikuwa uwanja. Uwanja wa zamani ulikuwa mdogo, na timu kubwa zilizokuja kucheza hazikupata mgawo wa kutosha wa mapato ya mlangoni. Shinikizo lilikuwa likiongezeka kwamba Packers icheze zaidi Milwaukee, jiji lililoko takriban kilometa 180 kusini, ambako tangu 1933 ilikuwa ikipeleka baadhi ya mechi zake ili kupata watazamaji wengi zaidi.

Aprili 1956 wakazi wa Green Bay waliitwa kupiga kura ya maoni kuamua iwapo halmashauri ya mji ikope dola 960,000 kujenga uwanja mpya, huku klabu ikichangia gharama. Miongoni mwa waliokwenda kuwaomba wakazi wakubali alikuwa George Halas, mmiliki na kocha wa mahasimu wao wakubwa, Chicago Bears.

Halas hakufanya hivyo kwa hisani tu. Alifahamu kwamba mahasimu wa jadi hujaza viwanja, na kwamba Bears isingekuwa na mechi ya aina ile kama Packers ingekufa. Wapiga kura walikubali kwa uwiano wa zaidi ya wawili kwa mmoja.

Uwanja huo ulifunguliwa Septemba 29, 1957 kwa mechi dhidi ya Bears, na Packers ikashinda 21-17. Mwaka 1965, baada ya kifo cha mwasisi wake, uliitwa Lambeau Field, jina unalolitumia hadi leo.

Miaka ya kufungwa, majukwaa yamejaa

Msimu wa 1958 Packers ilishinda mechi moja tu, ikafungwa 10 na kutoka sare moja. Mwaka uliofuata aliajiriwa kocha Vince Lombardi, na katika miaka ya 1960 timu ilitwaa ubingwa mara tano. Tangu 1960 tiketi za msimu zimekuwa zikimalizika kila mwaka.

Lakini mtihani halisi ulikuja baada ya Lombardi kuacha ukocha. Kuanzia 1968 hadi 1991, misimu 24, timu ilimaliza na ushindi mwingi kuliko vipigo katika misimu mitano tu, na ilifuzu hatua ya mtoano mara mbili, mwaka 1972 na 1982. Kizazi kizima cha watoto wa Green Bay kilikua bila kuuona ubingwa.

Katika miji mingi matokeo kama hayo yangeyaacha majukwaa matupu. Green Bay tiketi ziliendelea kwisha, na foleni ya wanaosubiri ikaendelea kurefuka hadi kupita majina 100,000. Watu huwaandikisha watoto wachanga wakiwa na matumaini kwamba watapata viti ukubwani.

Sehemu ya maelezo ni mazoea ambayo klabu imeyalinda. Wakati wa kambi ya mazoezi, kwa miongo kadhaa, wachezaji wamekuwa wakiazima baiskeli za watoto na kuziendesha hadi uwanja wa mazoezi, huku mwenye baiskeli akikimbia pembeni na kumbebea mchezaji kofia yake ngumu. Desemba 1993 beki LeRoy Butler aliruka jukwaani na kuangukia mikononi mwa mashabiki baada ya kufunga, na tangu hapo wachezaji wengi wamekuwa wakishangilia hivyo.

Hata dhihaka iligeuzwa bidhaa. Wisconsin inasifika kwa maziwa na jibini, na watani wao wa Chicago waliwaita vichwa vya jibini. Mwaka 1987 kijana mmoja wa Milwaukee, Ralph Bruno, alikata sponji ya kochi akatengeneza kofia yenye umbo la kipande cha jibini. Kofia hiyo ikawa alama ya mashabiki, na mwaka 2023 klabu iliinunua kampuni inayoitengeneza.

Busara ilionekana pia katika kuondoka Milwaukee. Mechi za huko zilipokoma mwaka 1994, klabu haikuwatupa mashabiki wa jiji hilo. Wenye tiketi za msimu walitengewa baadhi ya mechi za Green Bay kila mwaka, na utaratibu huo umebaki.

Hisa isiyo na gawio

Mauzo ya hisa yalirejea Novemba 1997, miezi michache baada ya Packers kutwaa ubingwa. Kila hisa iliuzwa dola 200. Zilinunuliwa hisa 120,010, na zaidi ya dola milioni 24 zikapatikana. Mwaka 2011, tena baada ya ubingwa, bei ilikuwa dola 250 na mapato yakapita dola milioni 60. Mauzo ya sita, yaliyoanza Novemba 2021 kwa dola 300, yaliingiza takriban dola milioni 65. Wanahisa sasa ni zaidi ya 537,000, takriban mara tano ya wakazi wa mji.

Mnunuzi hapati gawio wala upendeleo wa tiketi. Hisa haiuzwi katika soko la hisa. Haiwezi kupanda thamani, na inaweza kurithishwa ndani ya ukoo au kurudishwa klabuni kwa bei isiyo na maana. Anachopata ni cheti, haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa bodi na nafasi ya kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka.

Tofauti ya vipindi hivyo inastahili kuangaliwa. Mauzo matatu ya mwanzo yalifanyika wakati wa njaa, na wananchi walielezwa bila kuficha kwamba timu itakufa. Matatu yaliyofuata yalifanyika wakati wa shibe, na fedha zikaelekezwa kwenye ujenzi wa uwanja wala si kwenye mishahara ya wachezaji. Katika vipindi vyote viwili, mnunuzi alijua fedha yake inakwenda wapi.

Mwaka 2000 wakazi wa wilaya ya Brown, ambako Green Bay ipo, waliombwa tena kura. Waliridhia, kwa tofauti ndogo, nyongeza ya nusu asilimia ya kodi ya mauzo ili kusaidia ukarabati wa uwanja uliogharimu dola milioni 295. Ukarabati huo uliongeza ukumbi mkubwa wenye mgahawa, duka na ziara za wageni, hivyo uwanja ukaanza kuingiza fedha hata siku zisizo na mechi. Kodi ilikoma Septemba 2015.

Fedha za televisheni

Pamoja na sifa hizo, itakuwa kosa kudhani kwamba mapenzi ya wananchi peke yake ndiyo yanayoiweka Packers hai. Nguzo ya pili ni mgawanyo wa mapato ndani ya ligi.

Mwaka 1961 kamishna wa NFL, Pete Rozelle, aliwashawishi wamiliki wa timu kuuza haki za matangazo ya televisheni kwa pamoja na kugawana sawa. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuruhusu utaratibu huo mwaka huohuo. Tangu hapo timu ya Green Bay hupata mgawo uleule unaokwenda New York. Mwaka 1994 ligi iliweka ukomo wa mishahara, hivyo klabu tajiri haiwezi kusomba wachezaji wote.

Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, Packers ilipata dola milioni 432.6 kutoka mgawo wa ligi, kati ya mapato yote ya dola milioni 719.1. Takwimu hizo zinafahamika kwa sababu klabu hutangaza hesabu zake kwa wanahisa kila mwaka, jambo ambalo timu nyingine za NFL, zinazomilikiwa na watu binafsi, hazilazimiki kufanya.

Wala mfumo huo hauwezi kuigwa na timu nyingine ndani ya NFL, kwani kanuni za ligi haziruhusu tena umiliki wa umma wa aina hiyo. Packers iliachwa kwa sababu ilikuwapo kabla.

Mapenzi nayo yana kikomo. Januari 2014, kabla ya mechi ya mtoano dhidi ya San Francisco katika baridi kali, maelfu ya tiketi zilidoda hadi siku za mwisho, na makampuni yakalazimika kununua zilizobaki ili matangazo ya televisheni yasizuiliwe katika eneo hilo. Shabiki mwaminifu naye huhesabu fedha zake.

Fundisho kwa timu za miji midogo

Suala la nani mwenye timu si geni Afrika Mashariki. Nchini Tanzania mjadala kuhusu Simba na Yanga umehusu mfumo wa wanachama kubaki na asilimia 51 na wawekezaji asilimia 49. Nje ya Dar es Salaam timu zimeegemea viwanda, kama Mtibwa Sugar na Kagera Sugar, au halmashauri, kama Mbeya City iliyoshika nafasi ya tatu katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14.

Uzoefu wa Green Bay unaonyesha kwamba kuandikisha wanachama hakutoshi. Hisa za mwaka 1923 zilifungamanishwa na tiketi, ukubwa wa umiliki uliwekewa mpaka, na njia ya mtu kuiuza timu kwa faida yake ilizibwa tangu mwanzo. Fedha iliyochangwa ilikuwa na kazi inayoonekana kwa macho, na hesabu zilisomwa hadharani.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Shabiki anaweza kuvumilia msimu wa vipigo, na hata miaka 24 ya vipigo, lakini ni vigumu kumwomba mchango wa pili kama hakuonyeshwa ule wa kwanza ulifanya nini.